Shimane na Tottori, Japani: nani ameshafika? Sitaki Tokyo, nataka vijijini

fundi_Zam (Busia)

Habari zenu jamani. Mi ni fundi magari hapa Busia, miaka 11 sasa nafungua Noah na Premio, na kila nikiwasha injini kuna dada wa Kijapani anaongea humo ndani ya deshibodi. Nimemsikia mpaka nimemzoea, juzi juzi ndo nikaambiwa kumbe anasema tu kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Sasa mwaka huu Mungu amejalia nimepata kozi ya wiki 5 mji wa Okayama, inaisha katikati ya Novemba na baada ya hapo nina siku 6 zangu mwenyewe kabla ya ndege.

Wenzangu wote wanataka Tokyo na Kyoto wapige picha warudi. Mi nimekaa na ramani nikaona ukitoka Okayama ukavuka milima kwenda juu unatokea Shimane na Tottori, zimetazama bahari upande wa Korea, na nimesoma kwamba hiyo Tottori ndo mkoa wenye watu wachache kuliko mikoa yote ya Japani na Shimane inaifuata. Hapo moyo ukatulia. Nataka kuona watu wanalima, wanavua, wanafua vitu kwa mikono, sio maghorofa. Kuna mtu amefika huko anieleze sehemu ambazo hata Wajapani wenyewe hawaendi sana? Nasali, kwa hiyo na chakula pia mnisaidie.

Mzee_wa_Masindi

Binti yangu Zam, umegusa mahali pangu. Nilisoma Matsue miaka miwili na sijawahi kukutana na Mganda mwingine anayeuliza Shimane, wote wanauliza Tokyo, kwa hiyo vumilia nitaandika ndefu.

We ni mtu wa chuma, basi anza na chuma. Kuna eneo linaitwa Okuizumo, ndani milimani, ndiko panga za samurai zilikotoka chuma chake. Wana njia yao ya kuyeyusha inaitwa tatara: wanajenga tanuri la udongo refu kama hori la ng'ombe, wanamwaga mkaa na mchanga wa chuma, mkaa na mchanga, siku tatu usiku na mchana bila kulala, halafu wanalivunja tanuri lenyewe na kutoa bonge la chuma likiwa jekundu. Zinaingia kama tani 10 za mchanga na tani 12 za mkaa, na bonge linalotoka ni kama tani mbili na nusu, na sio lote linafaa kwa upanga. Ule udongo wa ukuta nao unaliwa na moto kidogo kidogo, unachanganyika na uchafu wa chuma na kuutoa nje, kwa hiyo tanuri linajila lenyewe na fundi mkuu, wanamwita murage, anatakiwa ajue kwa kuangalia rangi ya moto tu kwamba sasa basi. Mpaka leo kila msimu wa baridi bado wanawasha tatara moja kule, walianza tena 1977 ili wafua panga wasikose chuma.

Mimi ni Mnyoro na babu upande wa mama alikuwa mhunzi. Majembe ya Bunyoro yalikuwa yanauzwa mbali sana enzi hizo, mnajua. Siku nilipoingia kwenye lile jengo la Sugaya nilisimama nikashindwa kutoka. Ndo jengo pekee la tatara la zamani lililobaki limesimama Japani nzima, lilianza kazi 1751 na kuacha 1921. Paa liko juu sana, la vibao, chini ni udongo mtupu, katikati ndo mahali pa tanuri, na nguzo zimekuwa nyeusi kwa moshi. Pembeni kuna sehemu ya mivukuto waliyokuwa wanakanyaga kwa miguu kwa zamu, na hao wakanyagaji waliitwa banko. Wenyeji wanasema neno lao la "kupokezana zamu", kawaribanko, limetoka hapo hapo. Nje kuna mti mkubwa wa katsura kwa sababu mungu wao wa chuma, Kanayago, inasemekana alifika amepanda ndege yangeyange mweupe akatua juu ya mti wa aina hiyo. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuingia, kama miiko ya wahunzi wetu tu. Sasa wewe fundi mwanamke utaingia na kusimama pale pale katikati, na mimi nitafurahi sana ukinitumia picha.

Sugaya haina treni, lazima gari. Kama hutaki gari panda treni ya Kisuki mpaka Izumo Yokota, kuna makumbusho ya tatara na panga unafika kwa miguu. Hiyo reli yenyewe ni ya kuionea: mbele kidogo kwenye stesheni ya Izumo Sakane mlima ni mkali mno hata treni haipandi moja kwa moja, inaingia stesheni, dereva anatoka anatembea mpaka kichwa cha upande wa pili, inarudi kinyumenyume inapanda, anatembea tena, inapanda. Ila treni za huko juu kwa siku unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ukiikosa umelala.

Na ukiwa dirishani angalia mashamba ya mpunga ya ngazi. Yanafanana na matuta ya Kabale, lakini hayakuanza kama mashamba. Walikuwa wanakata vilima na kuvimwaga kwenye mifereji ya maji ili mchanga wa chuma ubaki chini, kilima kikiisha ndo wanapanda mpunga. Utaona katikati ya shamba kimebaki kilima kidogo kimesimama peke yake kama kichuguu. Kile hawakukikata kwa sababu juu yake kuna makaburi au kihekalu.

Ntungamo_Ranch

Mzee Masindi asante kwa somo. Mi nitasema ng'ombe, mnisamehe ndo kazi yangu.

Visiwa vya Oki. Ni vya Shimane pia, unapanda feri bandari ya Shichirui au Sakaiminato, masaa mawili na nusu hivi baharini. Kisiwa cha Nishinoshima kuna jabali linaitwa Matengai, mita 257 wima mpaka majini, na juu yake ni nyasi tupu, na kwenye nyasi kuna ng'ombe na farasi wanajichungia wenyewe. Hakuna mchungaji, hakuna waya, ng'ombe mweusi amelala katikati ya njia ya kwenda kuangalia bahari na wewe mgeni ndo unazunguka. Nilikaa pale karibu saa nzima na mama mmoja ng'ombe ananiangalia na mimi namuangalia. Nilimpigia simu baba yangu nikamuonyesha, akauliza maji wanakunywa wapi, akauliza mara tatu.

Halafu vile visiwa ndiko walikokuwa wanawatupa wafalme. Go-Toba alipelekwa 1221 baada ya kushindwa vita na akafia huko huko 1239. Go-Daigo naye akapelekwa 1332, huyo akatoroka mwaka uliofuata akarudi kutawala. Sisi tunaojua habari ya wafalme wetu Kabalega na Mwanga kupelekwa Shelisheli 1899 tunaelewa hilo jambo bila kuelezwa. Kisiwa kikubwa, Dogo, mpaka leo wanapiganisha mafahali, na wanasema ulianza kama mchezo wa kumliwaza Go-Toba kwa huzuni yake.

Mzee_wa_Masindi

Ntungamo umesema kweli, ila Zam ana siku 6 na ni Novemba. Bahari ile ikianza kuchafuka feri zinasimamishwa, unaweza kukwama siku mbili kisiwani na ndege inakungoja. Kama ingekuwa Mei au Juni ningesema nenda kesho.

Ntungamo_Ranch

Hapo siwezi kubisha. Mi nilienda Juni.

Mama_Kizito

Mwanangu Zam, mimi ni Mkatoliki na wewe ni Muislamu lakini hili nataka ulijue, hata usipokwenda.

Mwisho kabisa wa Shimane upande wa magharibi kuna mji mdogo Tsuwano. Watalii wachache wanaofika wanakuja kuona samaki, maana kwenye mifereji ya kando ya barabara kuna koi wanene mpaka unajiuliza wanageukaje humo ndani, na kuna hekalu mlimani lenye malango mekundu karibu elfu yamepangana kama handaki. Ni pazuri. Lakini nyuma ya stesheni, kama dakika 15 kwa miguu kupitia msituni, kuna kanisa dogo sana linaitwa la Maria wa Otome Toge.

Wakristo wa Urakami kule Nagasaki walikuwa wameficha imani yao zaidi ya miaka 200. Walipojitokeza serikali ikawakamata, zaidi ya watu 3,000 wakatawanywa mikoa mbalimbali ili waikane, na kundi moja likaletwa Tsuwano kuanzia 1868. Walifungiwa kwenye hekalu bovu, wakatumbukizwa kwenye bwawa lenye barafu, na wengine wakawekwa kwenye kizimba cha mbao ambacho huwezi kusimama wala kunyoosha miguu, upande mmoja kama sentimita 90 tu. Mmoja wao, Yasutaro, aliwekwa kizimbani humo nje kwenye theluji, na wenzake walipoweza kuongea naye akawaambia yeye hayuko peke yake, usiku anakuja mama mwenye vazi la buluu anamsemesha. Alifariki. Waliokufa pale walizidi 30, watoto wakiwemo. Marufuku iliondolewa 1873 na waliobaki wakarudi kwao.

Mimi nimekulia Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda. Kila tarehe 3 Juni tangu nikiwa mtoto nimeona watu wanafika na miguu imevimba kutoka Mbarara, kutoka Kenya, kutoka Kongo. Hawa wa Tsuwano wana maandamano yao tarehe 3 Mei. Lakini siku niliyofika mimi ilikuwa siku ya kawaida ya kazi na hapakuwa na mtu hata mmoja. Bwawa lipo bado, dogo, majani yameelea juu. Nikaweka mkono kwenye maji nikautoa haraka, na ilikuwa Oktoba tu. Nikasali rozari nzima kwa Luganda na nadhani ndo mara ya kwanza lugha hiyo kusikika pale.

Kutoka Matsue kuna treni ya haraka inaitwa Super Oki, karibu saa 3. Kwa siku ni chache mno, andika saa ya kurudi kwenye karatasi, usitegemee simu.

fundi_Zam (Busia)

Mama nimesoma hii nikiwa chini ya gari na nikatoka nikakaa. Nitakwenda. Na mzee, habari ya tanuri linalojila lenyewe nimewasomea vijana wote hapa gereji.

Sasa maswali. Gari naweza kukodi? Na chakula, na yale maji ya moto ya kuoga nasikia ni uchi kabisa, mtu anayejistiri anafanyaje?

kaka_Entebbe

Gari dada kwako ni rahisi, wanaendesha kushoto kama sisi na utakuta gari lile lile unalolifungua kila siku ila jipya. Lakini sikiliza. Mi nilitua na leseni yangu ya Uganda tu nikijua inatosha, duka la kukodisha wakanikatalia, nikalipia hoteli ya siku mbili mahali ambapo hakuna basi. Unatakiwa leseni ya kimataifa na iwe ya mkataba wa Geneva wa 1949, uichukue kabla hujatoka nyumbani, na ubebe ile ya kawaida pia. Usimuamini mtu anayekwambia utaipata kule.

Barabarani kuna vituo wanaita michi no eki, ni kama lile soko letu la barabarani la Namawojolo, la kuku na gonja, ila hakuna mtu anayekimbilia dirisha lako. Wakulima wanaleta mboga zao na mchele wao, choo ni safi, na unaweza kupumzika. Mi kila siku nilikula hapo. Na beba pesa taslimu, maduka mengi ya vijijini kadi ni hadithi.

Kwa treni, Okayama kwenda Matsue ni Yakumo, inavuka milima chini ya saa 3, na JR wanauzia wageni pasi ya siku 4 ya Sanin na Okayama, uangalie kwenye ramani yake inaishia wapi kabla ya kununua.

Binti_Bombo

Zam habibti, haya ya chakula na kuoga niachie mimi maana nimeyapitia.

Chakula: samaki ndo atakuokoa. Omba samaki wa kuchomwa kwa chumvi, shioyaki, wali mweupe, na mayai. Soba ya Izumo ni nzuri sana, nyeusi nyeusi kwa sababu wanasaga na ganda lake, inaletwa kwenye visahani vitatu vya duara vimepandana, lakini ule mchuzi mara nyingi una mirin ambayo ni pombe ya kupikia, kwa hiyo uliza. Mi nilitembea na kikaratasi rafiki kaniandikia Kijapani, sili nguruwe, situmii pombe hata ya kupikia, nikifika namkabidhi mpishi. Pahala pamoja yule mama aliisoma, akaingia jikoni, akatoka na chupa zake zote akanionyesha moja moja, hii ndiyo, hii hapana.

Kuoga: ndio ni uchi, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Kama chemchemi zetu za moto za Kitagata tu kule Sheema ila kuna sabuni na stuli ya kukalia, unajisugua kwanza uishe ndo unaingia majini. Kama hutaki kuonekana, tafuta penye bafu la kukodi peke yako, linaitwa kashikiri, unafunga mlango na hakuna anayekuuliza. Misasa kule Tottori yapo, maji yake yana radoni na watu wanakwenda kwa ajili ya mifupa.

Na Misasa ndo nilitaka nifike. Karibu na hapo kuna mlima Mitoku, na kwenye mlima kuna kihekalu kinaitwa Nageire-do kimejengwa ndani ya tundu la jabali, miguu yake ya mbao imesimama kwenye mwamba na chini ni korongo. Wanasema mtawa mmoja alikijenga chini akakitupa juu kwa nguvu zake, na ukikiona kwa macho hutaki kumbishia mtu. Huingii ndani yake, unakitazama kwa pembeni tu. Kupanda na kushuka ni kama masaa mawili. Kuna mahali unashika mizizi ya miti unajivuta kama ngazi na kuna mahali unashika mnyororo juu ya jiwe tupu.

Sasa nilifika pale asubuhi na mapema niko peke yangu, mzee wa getini akanigeuza viatu kuangalia soli, akatikisa kichwa kukubali, halafu akanyoosha vidole viwili. Hawaruhusu mtu mmoja. Ukianguka nani atasema? Basi nikakaa kwenye benchi, nusu saa, saa, nimeanza kukata tamaa, akaja bibi mmoja, nadhani kapita 65, na kofia yake na fimbo, naye peke yake. Mzee wa geti akatuangalia akaonyesha mimi na yeye. Tukavalishwa mikanda myeupe ya kitambaa begani tukapanda. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Kwenye mizizi alikuwa anaweka mguu halafu anagonga pale na fimbo, maana yake weka hapa. Kwenye mnyororo mimi nikatangulia nikamshika mkono. Juu alitoa chungwa dogo mfukoni akaligawa.

Usisahau kwamba mvua ikinyesha wanafunga, na kuanzia Desemba mpaka Machi hakuna kupanda kabisa.

Mzee_wa_Masindi

Na mvua itanyesha. Watu wa upande ule wana msemo, sahau chakula chako usisahau mwavuli.

Zam, kuna moja sijakutajia. Mgodi wa fedha wa Iwami, uko karibu na mji wa Oda, njiani kuelekea huko kwa Mama Kizito. Ulifunguliwa 1526, ukafungwa 1923, UNESCO wakauandika 2007, na hata hivyo Wajapani wengi hawajafika. Magari hayaingii, unakodi baiskeli ya umeme kijijini Omori unafuata mto kama kilomita mbili mpaka handaki la Ryugenji. Ndani weka kiganja ukutani. Alama za patasi zipo zote, moja baada ya nyingine, na pembeni kuna vijitundu vinavyotoka ambavyo mtu alikuwa anaingia kwa tumbo, na taa yake ni ganda la konokono wa baharini lenye mafuta kidogo. Waliokaa kwenye vumbi lile hawakuzeeka, mchimbaji aliyefika miaka 30 alifanyiwa karamu. Baba yangu alifanya kazi Kilembe kwenye shaba miaka ya sitini, alikohoa maisha yake yote, kwa hiyo mimi pale sikupiga picha.

fundi_Zam (Busia)

Sawa nimepanga, nirekebisheni. Siku ya kwanza Yakumo mpaka Matsue. Ya pili gari, Sugaya na mashamba yenye vilima. Ya tatu Oda, mgodini, nalala huko huko. Ya nne Tsuwano na kurudi mpaka Matsue usiku. Ya tano Misasa, ya sita naamkia mlimani halafu Okayama jioni. Oki ninaiacha, kaka Ntungamo uniombee nirudi. Leseni ya kimataifa nafuatilia wiki hii.

Kilichobaki ni huyo mtu wa pili wa mlimani. Nitakaa kwenye benchi kama dada wa Bombo.

Opio_Yonago

Nimechelewa kuona hii. Mi niko Yonago kikazi mpaka Desemba, Misasa kutoka kwangu ni saa moja na kitu kwa gari na huo mlima nimeuangalia kwa mbali tangu Aprili kwa sababu hiyo hiyo, niko peke yangu. Nitumie tarehe inboksi. Njoo na viatu vya soli yenye meno lakini visiwe na vyuma chini, vyuma wanakataa kwa sababu vinachubua mizizi, na wakivikataa wana ndala za majani makavu wanauza pale pale getini, usiogope, zinashika mwamba kuliko raba.